Kisanduku Kinachokisia Majina

Neema na Kevo, Bwana Mutiso ameniambia niwaandikie kurasa mbili za kukabidhi kisanduku kabla sijarudisha ufunguo wa ofisi. Kurasa mbili. Kitu nimekiangalia miaka kumi na mmoja kwa macho haya, yeye ataka kurasa mbili. Nitaandika mpaka niishe. Asiyetaka kusoma asisome, lakini asije akanipigia simu halafu.

Watu wanacheka nikisema nimestaafu. Mwanamke wa miaka thelathini na nne anastaafu nini? Wacheke. Mikono yangu imekataa. Nikichapa saa moja, kifundo cha mkono wa kulia kinawaka moto mpaka kwenye kiwiko, na nikishika kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili kama mtoto. Daktari aliniambia nipumzike wiki sita, nikapumzika, nikarudi, siku ya tatu maumivu nayo yakarudi kazini. Na nimechoka, siwafichi. Kuna kuchoka kwa mwili na kuna kuchoka kwa kuulizwa swali lilelile kila mwezi, na mimi ninavyo vyote viwili.

Kama atasoma mtu mwingine asiyejua: kisanduku ni pale mahali pa kuandika jina kwenye ukurasa wa kompyuta. Unaandika herufi mbili tatu, orodha inashuka chini yake na majina yanayofanana, unachagua lako, umemaliza. Kimeandikwa kwa JavaScript. Mnavitumia vitu kama hivi kila siku na hamfikirii kama kuna mtu alikaa kwenye kiti akavitengeneza. Kwa zahanati na ofisi za malori za upande wetu huu, kuanzia Miritini hadi Kisauni, mtu huyo nilikuwa mimi. Kabla yangu alikuwa Maalim Athman.

Sikuja ofisini kutafuta kazi. Nilikuja kugombana. Nilikuwa nafanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta za kulipia, pale Magongo, najazia madereva wa malori fomu zao, na fomu moja ilikuwa na kisanduku chetu hiki, toleo la kwanza kabisa. Unaandika "Miritini", orodha inakuletea Mikindani. Unafuta, unaandika tena, inakuletea Mikindani. Dereva nyuma yangu anapiga mluzi, foleni imefika mlangoni. Nikatizama chini ya ukurasa, nikaona jina la ofisi iliyotengeneza, na iko hapo hapo Changamwe, juu ya duka la vipuri. Saa ya chakula nikapanda zile ngazi.

Ndani palikuwa na feni moja, kompyuta tatu na mwanamume wa makamo, ndiye Maalim Athman, amevaa kofia ya viua, anakula mahamri. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo kifuani. Hakunikatiza. Nilipokosa pumzi akasogeza kiti.

"Ndoo hapa, keti. Nionyeshe."

Nikamuonyesha. Nikaandika polepole, ikafanya sawa. Akasema, "Andika kama ulivyokuwa waandika ukiwa na hasira." Nikaandika haraka. Mikindani.

"Wajua ni kwa nini?"

"Nikijua ningekuja hapa?"

Akacheka. Akaniambia kila herufi ninayobonyeza, kisanduku kinapeleka swali kwenye seva, ile kompyuta ya mbali yenye majina yote. Herufi nane, maswali manane. "Sasa ukituma boda nane Mtongwe, mmoja baada ya mwengine, yule atakayerudi mwisho si lazima awe ndiye uliyemtuma mwisho. Huyu wa swali la 'Mi' amekwama njiani, amerudi nyuma ya wote na jibu lake kuukuu, na kisanduku, kwa ujinga wake, kimemuamini."

"Si kisimuamini. Kila swali lipewe nambari. Jibu likija na nambari ya zamani, litupwe."

Akaacha kutafuna. "Umesoma wapi kazi hii?"

"Sijasoma popote. Saiba wateja wakiwa hawapo, nageuza kurasa za watu nione zimeshonwa vipi kwa ndani."

"Basi rudi kesho. Kuwe na chai au kusiwe, wewe rudi."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Sijawahi kuandika barua ya kuomba kazi maishani mwangu, ingawa nimewaandikia wengine mamia.

Maalim alikuwa mtu wa Mtongwe, nyumba ya mwisho kabla ya maji. Kila asubuhi anavuka na kuja, na hakuna siku nilimtangulia. Mtu wa kumwita kwa jina tupu mbele yangu tuligombana, hata Bwana Mutiso mwenye ofisi, ambaye ni mtu wa Machakos na kwake kila mtu ni "boss". Nikamwambia, huyu si boss, huyu ni Maalim. Alinifunza kazi kwa mambo matatu na sikuona haja ya la nne.

La kwanza lilikuwa daftari. Si la kompyuta, daftari la karatasi, lenye mistari. Mteja akilalamika, unaandika jina lake na maneno yake kama alivyoyasema, usiyageuze kuwa maneno yako. "Chombo chenu kimenila jina." Andika hivyo hivyo. Ukiandika "hitilafu ya kuhifadhi" umeshapoteza nusu ya habari.

La pili, usimuulize mtu anataka nini. Nenda ukakae ubavuni mwake umtizame vidole. Hivi ndivyo nilivyopata lile kosa lililonila siku nne. Karani mmoja wa malori Miritini alisema akibofya jina kwenye orodha, orodha inakimbia. Ofisini kwetu ilikuwa haikimbii. Nikakaa siku nne nimefura, nikapiga meza mpaka feni ikabadilisha mlio. Siku ya tano nikaenda kukaa naye. Yule dada alikuwa akibofya mausi anakaza kidole, anakaa nacho chini kama anabana kiroboto, ndipo aachilie. Basi kitufe cha mausi kikishuka tu, kisanduku kinaona mtu ameondoka kwenye maandishi, kinafunga orodha. Kidole kikiinuka, jina halipo tena. Sisi ofisini tulikuwa tunabofya haraka, tunalipata jina kabla mlango haujafungwa. Tangu siku hiyo kisanduku kinachukua jina mausi inaposhuka. Mtauona mstari huo. Mtaona ni wa ajabu. Msiuguse.

La tatu ndilo la kushika. Hakuna mstari unaotoka ofisini bila kusomwa na mtu wa pili. Aliyeandika anaweka jina, aliyesoma anaweka jina chini yake. Majina mawili. Maalim alisoma kazi yangu kama mtu anayechambua mchele, na akaniregeshea mara tatu, mara nne, na mimi nikinuna yeye anasoma tu.

Sasa nifike Mwakirunge, ndipo nilipokuwa sitaki kufika.

Kuna zahanati ya mtu binafsi kule, njia ya machimbo. Jina lake silitaji. Wagonjwa wengi ni wavunja mawe na familia zao, Wagiriama watupu, watu wa kwetu. Mimi ni Dama binti Katana, kwetu ni juu ya hapo kidogo. Masjala ya zahanati ilikuwa mikononi mwa Bi Rehema, mama wa Kidigo, mtu wa miaka hamsini na kitu, amekaa kwenye dirisha lile tangu faili zikiwa za karatasi na zinaliwa na mchwa. Watoto wake watatu wamesoma kwa dirisha lile. Tulipoweka kisanduku alikipenda. Alichapa kwa vidole viwili, haraka kuliko mimi na kumi vyangu.

Kwetu, kwa asiyejua, mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake. Karisa akimzaa Kazungu, Kazungu atamzaa Karisa. Kwa hivyo kuna Karisa Kazungu, mwanawe ni Kazungu Karisa, na mjukuu ni Karisa Kazungu tena. Na kama Kazungu ana wake wanne, kila mmoja atakuwa na Karisa wake. Mji mmoja unaweza kuwa na Karisa Kazungu watano na hakuna anayepotea, kwa sababu nyumbani tunasema Karisa wa Kadzo, Karisa wa Mapenzi, kila mtu na mamake. Hili sikufunzwa, nimezaliwa ndani yake. Babangu ni Katana Charo, na ana binamu wawili Katana Charo.

Bi Rehema naye alilijua hili. Kwenye nafasi ya jina hakuandika jina tu. Aliandika "Kazungu Karisa wa Kadzo". Hakumuuliza mtu ruhusa.

Mwaka ule zahanati ikachukua daktari mpya wa kuisimamia, mtu wa bara, mwenye haraka. Akapiga simu mara tatu wiki moja. Majina hayaonekani, yeye anaandika jina la baba kwanza na orodha haileti kitu. Kuchagua kunachukua muda. Ripoti zake zinakataliwa kwa sababu majina yana maneno ya ziada. Mara ya tatu nilimjibu vibaya, na nilipokata simu nikaketi nikamaliza kazi siku moja ili asinipigie tena. Toleo jipya. Nikafanya majina yatafutwe kwa mpangilio wowote, Kazungu Karisa na Karisa Kazungu vyote vije. Aliyefika zahanati karibuni awe juu ya orodha. Jina la juu liwe limeshawekwa rangi, ukibonyeza Enta linachukuliwa. Na kila kilichofuata neno "wa" nikakikata, kwenye orodha na kwenye faili yenyewe kila inapofunguliwa. Niliona ni uchafu. Mimi, Dama wa Sidi, niliona "wa Kadzo" nikaona uchafu.

Maalim wakati huo mkewe alikuwa amelazwa. Alikuja ofisini asubuhi moja, ametoka hospitali moja kwa moja, macho mekundu. Nikamfungulia kazi mbele yake.

"Mistari mingapi?"

"Arubaini. Maalim, ni kitu kidogo. Weka jina tu, uende kwa mgonjwa wako. Yule daktari ataniua."

"Wallahi nimechoka, Dama."

"Ndiyo nasema. Mimi nimesoma mara mbili."

Akaweka jina lake chini ya langu. Nikapeleka toleo saa hiyo hiyo.

Siku tisa zikapita bila neno. Daktari akanipigia kunishukuru, jambo ambalo lilifaa kunitisha.

Siku ya kumi, mvunja mawe aitwaye Kazungu Karisa aliletwa na mguu uliokatwa na jiwe. Faili yake ilikuwa na maandishi mekundu kwamba penisilini haipatani naye. Bi Rehema akaandika "Kazungu Karisa", akabonyeza Enta kama alivyobonyeza siku zote. Siku zote Enta ilikuwa inaacha orodha wazi mpaka uchague. Sasa ikachukua la juu. Na la juu lilikuwa Karisa Kazungu, babake, ambaye alikuja jana yake kupimwa presha. Faili ya babake haina maandishi mekundu. Muuguzi akamuuliza mgonjwa kama kuna dawa inamdhuru. Yule bwana, mguu umefungwa kitambaa, akajibu, "Tizameni kwa kompyuta. Imeandikwa yote."

Wakamdunga. Alifura uso mpaka macho yakapotea, akashindwa kuvuta pumzi. Bahati dawa ya kumrudisha ilikuwapo na muuguzi alikuwa mwepesi. Alilazwa hospitali kubwa siku nne, akatoka akiwa mzima. Nimeandika hivyo upesi kwa sababu sipendi kukaa kwenye siku hizo nne.

Daktari akasema aliyesababisha ataondoka. Na aliyechagua jina lisilo la mgonjwa, kwake yeye, ni karani. Akataka ripoti yetu siku ya Ijumaa. Bwana Mutiso akatuita.

"Tunaandika ni kosa la mtumiaji. Aliandika jina moja, akachagua jina lingine. Kweli au uongo?"

"Kweli," nikasema. Na niliamini. Nilikuwa na hasira na Bi Rehema, ati ametuharibia jina. Nikapanda boda mpaka Mwakirunge nimkabili.

Nilimkuta dirishani kwake, bado wamemuacha afanye kazi mpaka Ijumaa. Hata sikumuamkia vizuri.

"Bi Rehema, orodha ilikuwa mbele yako. Mbona hukusoma?"

"Marahaba," akasema.

Nikaona haya. "Shikamoo, bi."

"Marahaba mwanangu. Nimesoma miaka kumi na minane. Siku hiyo ndiyo sikusoma? Kaa hapa."

Nikakaa ubavuni mwake. Akaandika jina. Vidole viwili, tak tak tak, Enta. Nikaona. Orodha ilikuwa haijamaliza kushuka na jina limeshachukuliwa. Haikuwa na muda wa kusomwa na mtu yeyote, hata malaika.

"Rudia tena, bi. Polepole."

Akarudia. Orodha ikashuka. Karisa Kazungu. Kazungu Karisa. Karisa Kazungu. Kazungu Karisa. Karisa Kazungu. Akaweka kidole chake kwenye kioo.

"Wa Kadzo ameenda wapi?"

"Nani?"

"Kazungu wa Kadzo. Na huyu alikuwa wa Mapenzi. Na huyu wa Sidi. Niliwaandika wote na mama zao, mmoja mmoja. Nani amewafutia mama zao?"

Nikaisoma orodha upya, jina kwa jina.

"Dama, wewe Mgiriama. Wataka mimi Mdigo ndiye nikufunze?"

Nimetukanwa na madereva wa malori, nimetukanwa na wateja wa saiba waliochoka foleni. Hakuna tusi limenikaa kama hilo, na halikuwa hata tusi.

Nilirudi Changamwe nikamwambia Maalim. Alikuwa amesimama dirishani. Akasikiliza mpaka mwisho, hakugeuka.

"Basi ripoti yabadilika," akasema. "Kosa ni letu."

"Kosa ni langu. Wewe hukusoma, na mimi ndiye niliyekwambia usisome."

"Jina langu liko chini, Dama."

"Daktari atakufukuza wewe. Atasema msomaji ndiye mlinzi wa mlango. Na mkeo yuko hospitali."

"Rehema naye ana watu nyumbani."

"Ndiyo maana nasema ni mimi peke yangu."

Akarudi kwenye kiti chake. Na mimi nikafanya jambo ambalo sijaliandika popote mpaka leo. Alhamisi asubuhi nikafungua kumbukumbu za toleo lile, nikafuta jina lake. Nikaacha langu peke yake, nikachapisha karatasi. Kwangu ilikuwa hesabu rahisi: Bi Rehema atabaki, Maalim atabaki, mimi nitarudi saiba.

Ijumaa tulikaa ofisini kwa daktari. Bi Rehema aliwekewa kiti karibu na mlango, ameshika mkoba wake mapajani. Alikuwa ameshasafisha meza yake, nililiona dirisha tupu nilipopita. Bwana Mutiso akatoa ripoti yake ya kosa la mtumiaji. Nikamtangulia. Nikaweka karatasi yangu mezani, nikamueleza daktari kila kitu, Enta, mpangilio, mama zao. Nikamwambia huyu mama hana kosa, kosa ni kisanduku, na kisanduku nilikibadilisha mimi na nikakipeleka bila kumuonyesha mtu.

Mutiso alinitizama kana kwamba nimemtapikia viatu.

Daktari akasoma karatasi. "Nilidhani mna sheria ya majina mawili."

"Tunayo," nikasema. "Niliivunja."

Maalim akanyoosha mkono. "Naomba hiyo karatasi, daktari."

Akaichukua. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika jina lake chini ya langu, taratibu, herufi kwa herufi, akairudisha.

"Lilikuwapo," akasema. "Huyu ana moyo mzuri na kichwa kibaya. Nililetewa kazi nisome, nikaweka jina bila kusoma. Angeniletea mtu mwengine kazi ya hivyo ningemfukuza."

Daktari akamgeukia Bi Rehema. "Mama, rudi dirishani."

Bi Rehema hakuinuka upesi. Akamtizama Maalim. "Na huyu je?"

"Hilo ni la kwao."

Ikawa la kwetu. Daktari alikubali kubaki na mfumo wetu kama msomaji huyo hatasoma tena kazi ya zahanati, na zahanati hiyo ndiyo iliyokuwa imetuletea zahanati nyingine tatu. Mutiso aliamua siku hiyo hiyo kwamba Maalim aondoke. Maalim mwenyewe alimrahisishia. Akakusanya daftari zake, akaniachia moja, lile la malalamiko.

Nikamwambia naondoka naye. Nikamwambia Mutiso maneno ambayo hayaandikiki, nikatupa kibodi. Kwa miaka yote niliyomjua, Maalim hakuwahi kunipandishia sauti. Siku hiyo alinipandishia.

"Ukiondoka wewe, nani atamrudishia Rehema majina yake? Mutiso? Kwani wafikiri nimeandika jina langu pale ili nawe uende zako?"

Nikabaki.

Nilikaa wiki tatu ndani ya masjala ya Mwakirunge. Nakala ya zamani ilikuwepo, ila ilikuwa ya miezi minne nyuma, kwa hivyo wagonjwa wa miezi minne tuliwauliza mmoja mmoja. Anakuja mtu na homa, Bi Rehema anamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Anasema wa Kache. Naandika wa Kache. Wengine walicheka, wengine walimtaja mama aliyekufa. Kazungu wa Kadzo alikuja kufungwa mguu upya. Nilimwambia ni mimi niliyeandika kile chombo. Akanitizama, akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia. "Mwana wa Katana yupi?" Nikamwambia Katana wa Dzame. "Aa," akasema. "Basi wewe wajua."

Kisanduku mnachokipokea ni kile kilichotoka kwenye masjala ile. Jina la mama lina nafasi yake yenyewe na linaonekana kwenye orodha, pamoja na mahali mtu anapotoka. Mpangilio wa majina ni ule ulioandikwa, hakuna kugeuzwa. Hakuna jina lililowekwa rangi kabla hujashuka kwa mshale au hujagusa. Enta peke yake haifanyi kitu. Nilipomuonyesha Bi Rehema alijaribu mara kumi, akasema, "Hii sasa ni polepole."

"Ndiyo, bi."

"Nzuri."

Yeye ndiye mtu wa mwisho aliyeisifu kwa hilo. Kila mwezi kwa miaka sita nimepokea ujumbe kutoka kwa mtu fulani, Likoni, Miritini, popote, kwamba Enta imeharibika. Haijaharibika. Nimejibu hivyo mpaka vidole vikachoka, na nadhani nusu ya maumivu haya ya mkono ni jibu hilo. Mutiso ameniomba mara nne niirudishe iwe ya haraka, kwa sababu wapinzani wetu wana ya haraka. Atawaomba nyinyi wiki ijayo. Mtafanya mtakavyo, sitakuwepo. Lakini yeyote atakayeugusa mstari wa Enta, aende kwanza akakae siku nzima na karani wa zahanati yoyote ya Kisauni, asimuulize kitu, amtizame vidole.

Mengine ni madogo. Simu ya majaribio yenye kioo kilichopasuka iko kwenye droo ya chini, msiitupe, kwa sababu wateja wetu nusu wana simu kama hiyo. Kisanduku kinasubiri robo ya sekunde kabla ya kuuliza seva, msipunguze. Daftari la malalamiko nimefikisha la saba.

Lililobaki ni majina mawili. Tangu Maalim aondoke nimekuwa naandika mimi, na anasoma yeyote aliyeko, na mara nyingi aliyeko hajui anachosoma. Nyinyi ni wawili na bado mnaogopana, kila mmoja ataweka jina lake ili mwenziwe asinune. Najua, kwa sababu nimeona juzi. Niligombana na nyinyi, naomba radhi kwa maneno yangu, siyo kwa kile kilichotugombanisha.

Jana nilimpigia Maalim kumwambia naacha kazi. Mkewe ndiye aliyepokea, amepona siku nyingi sasa, akaniuliza nakula nini. Halafu akampa simu.

"Mikono?" akauliza.

"Mikono, na mengine."

"Haya. Na hao vijana, nani atawasomea kazi yao?"

"Hakuna, Maalim."

Nikasikia kijiko kinagonga kikombe.

"Waambie wanitumie," akasema. "Asubuhi, si jioni, jioni macho hayafai. Na waambie wasiniambie ni kitu kidogo. Nitasoma mstari kwa mstari, na kama ni arubaini nitasoma arubaini."

Nambari yake nimeiandika kwenye jalada la daftari la saba. Mpigieni leo, na muanze na shikamoo.